Nyumba Iliyohesabu Sahani

Haya. Nyumba ilikuwa pale, na mji umeizunguka, au nyumba ndiyo iliyouzunguka mji. Mimi sijui, na hata waliokaa humo miaka mingi hawakuwa na hakika. Ukiniuliza ni mtaa gani nitakunyima jibu, si kwa ubaya, ila mtaa wenyewe ulibadilika kila walipofungua dirisha. Asubuhi nje paliuzwa mkaa. Mchana mahali palepale pakawa makaburi, na wauza mkaa wamekaa juu yake wanapiga soga. Hakuna aliyeshangaa. Waliokuwa ndani walikuwa watu waliopigwa kichwani, na mtu aliyepigwa kichwani hashangai ovyo.

Makungu alikuwa mmoja wao. Kinyozi. Sisemi aliyekuwa kinyozi, maana mwenyewe ukimuuliza wewe nani, alijibu hivyo bila kusita, hata siku zile ambazo jina lake lilikuwa limempotea. Alipanda bodaboda, dereva akamkwepa mbuzi, mbuzi akapona, dereva akapona, na lami ikampokea Makungu kwa upande wa kushoto wa kichwa. Alipozinduka aliukuta mkono wa kulia umelala kando yake. Vidole vilikuwa vitano, kucha zilikuwa zake, na kovu la wembe kwenye kidole gumba lilikuwa lake. Ila alipouambia shika, haukushika. La ajabu zaidi ni kwamba hakuhuzunika. Aliitafuta huzuni mahali alipozoea kuiweka, hakuikuta. Akasema moyoni, labda nayo imebaki kwenye lami.

Kila aliyeingia Nyumbani alikabidhiwa panya. Usicheke, nakwambia ilivyokuwa. Panya mweupe, dume, wa umri mmoja na wenzake, wa mama mmoja na wenzake, aliyekula chakula kilekile tangu aachishwe ziwa. Panya huyo naye alikuwa amepigwa kichwani, upande uleule. Tofauti ni kwamba yeye alilazwa usingizi kwanza, kichwa kikabanwa, halafu nyundo ndogo ya chuma ikashuka kwa mwendo uliopangwa, ikazama kiasi kilichopangwa, ikainuka. Kila panya na kipimo kilekile, wala hakuna aliyependelewa. Kwenye kizimba chake kilibandikwa kipande cha karatasi chenye namba, uzito, tarehe na kina cha pigo. Wa Makungu aliitwa Ishirini na Saba.

Aliyeiongoza Nyumba alikuwa Daktari Lutengano, mtu mpole, mwenye viatu visivyosikika. Siku ya kwanza alikaa na Makungu mezani, kalamu mkononi.

"Bwana Makungu, wewe ulipigwa kwa nguvu kiasi gani?"

"Sikuwa na mizani, daktari."

"Kwa kukadiria tu."

"Kwa kukadiria? Nguvu zote."

Daktari aliandika: haijulikani. Kisha akaeleza, kwa upole wake uleule, kwamba Ishirini na Saba alipigwa ili ijulikane namna ya kumwinua Makungu. Watapona pamoja. Kitakachomwinua panya ndicho kitakachomwinua mtu. Makungu alisikiliza, akatikisa kichwa upande ambao haukuuma.

Baadaye, akiwa amelala chali, swali lilimjia na kukaa naye kitandani. Yeye alipigwa na nani? Na lami, au na mbuzi, au na haraka ya dereva. Pigo lake halikuwa na mwenyewe. Pigo la panya lilikuwa na mwenyewe, lilikuwa na saa yake, lilikuwa hata na sahihi chini. Sasa, maumivu yaliyopimwa yanaweza kumfundisha nini mtu aliyeumia bila kipimo? Panya wote Nyumbani walikuwa panya mmoja aliyerudiwa mara mia. Watu je? Kitanda cha pili alilala bibi aliyeangukiwa na kabati, cha tatu askari, cha nne mwalimu wa hesabu aliyesahau saba. Huyu mlevi, huyu ana kisukari, huyu hana mtu wa kumletea hata uji. Nani katika hao alikuwa ndugu wa panya? Makungu hakulipata jibu, na ukweli ni kwamba hakulitafuta sana. Swali lilikaa tu, kama mgeni ambaye hamna cha kuongea naye, na mwishowe akalizoea.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila asubuhi Makungu alimtoa Ishirini na Saba kizimbani, akamfunga kwa plasta mkono ulio mzima, ukabaki ule mbovu. Kisha naye akajifunga wa kwake wa kushoto, kwa kitambaa na meno. Panya aliwekewa sahani yenye vidonge ishirini vya sukari, mtu akawekewa sahani yenye maharage ishirini. Kila mmoja avitoe sahanini kwa mkono mbovu, kimoja kimoja, mpaka kengele. Ukimfunga mtu mkono anaoutegemea, ndivyo walivyosema, ule uliolala utaamka kwa kukosa wa kumtegea. Si uongo. Nimewaona waliofaidika. Mwezi wa kwanza kidole cha shahada cha Makungu kilicheza mara mbili, akakitazama kwa muda mrefu.

Nasema mwezi, lakini Nyumba haikuwa na miezi. Kwa vile panya huzeeka upesi, kalenda ilifuata umri wao: siku moja ya panya iliandikwa daftarini kuwa mwezi mzima wa mtu. Kwa hesabu hiyo Makungu alikuwa amekaa humo miaka ishirini na ushee. Naye aliamini. Alijiangalia kwenye maji ya beseni akaona mvi ambazo kesho yake hazikuwepo. Aliyemrudisha kwenye siku za watu alikuwa mkewe, Sikudhani, aliyekuja kila Jumamosi akiwa na chupa ya chai na mtoto mgongoni.

Mtoto huyo ndiye kila kitu, kwa hiyo nisikilize. Makungu na Sikudhani walikaa miaka tisa bila mtoto. Mimba ilipoingia, mume akaanguka. Mimba ilipokomaa, mume alikuwa kwenye maharage. Mtoto wa kike akazaliwa, akaitwa Mwamini, na tangu siku hiyo baba akaitwa Baba Mwamini na mama Mama Mwamini, hata wao kwa wao. Na kwa watu wa kwao nywele za tumboni, zile mtoto alizozaliwa nazo, hunyolewa siku ya arobaini, haisogezwi mbele wala nyuma, na mkono wa baba lazima uwe kichwani mwa mtoto. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kushikishwa wembe na kugusa tu. Kwa kinyozi, aliyekwisha kunyoa watoto wa mtaa mzima huku wenye watoto wakimwangalia kwa huruma, hilo lilikuwa jambo jingine kabisa.

"Baba Mwamini, leo ana siku thelathini na mbili," Sikudhani alimwambia Jumamosi moja. "Jumapili ya wiki ijayo ndiyo arobaini. Wamekwambia nini?"

"Wamesema Jumapili hiyohiyo tunapimwa. Mimi na mwenzangu."

"Mwenzako gani?"

"Ishirini na Saba."

Sikudhani alimtazama, akatazama kizimba. "Wakikupa barua ya kupona, utatoka siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo."

"Basi nitakuja na wembe wako. Tumnyolee hapo getini, hata nyumbani tusisubiri." Alicheka. Ni kicheko ambacho zamani kingemfanya Makungu naye acheke. Alijua mahali pa kucheka, akafika hapo, akasimama. Akacheka kwa mdomo tu, ili mke asiumie.

Mkono, wakati huo, ulikuwa umejifunza kitu. Au niseme Ishirini na Saba ndiye aliyejifunza, na Makungu akamwiga. Siku moja panya yule alichoka kujaribu kukunja vidole visivyokunjika. Akaegemeza bega, akarusha mkono mzima juu ya kidonge, akauacha ulale hapo, kisha akajivuta nyuma na mwili wote. Kidonge kikaja. Vidole havikufanya lolote. Ulikuwa mgongo ndio uliofanya kazi. Akala. Akarudia. Makungu alimwangalia siku nzima, kesho yake akaegemeza bega lake juu ya maharage. Yakaja. Tisa. Kumi na mbili. Kumi na sita. Na tangu siku hiyo kidole cha shahada hakikucheza tena, kwa kuwa hakuna aliyekihitaji.

Utaniuliza, jamani, hakuna aliyeona? Hakuna. Na hapa ndipo penye akili yote ya Nyumba ile, na upumbavu wake wote. Katikati ya meza ya kupimia palisimama ubao mrefu. Upande mmoja alikaa anayepimwa, upande wa pili alikaa mhesabuji, Bi Nyamizi, mama wa makamo mwenye miwani na sauti iliyokauka. Kengele ikilia, sahani inapita chini ya ubao, yeye anahesabu vilivyobaki, anatamka idadi ya vilivyotoka. Hamwoni panya. Hamwoni mtu. Daktari Lutengano aliutengeneza ubao ule kwa mikono yake na aliupenda.

"Anayeuona mkono huuonea huruma," alisema, "na huruma inaharibu hesabu. Sahani haihurumiwi."

Maneno mazuri. Ukiyasikia unaweza hata kupiga makofi. Kumi na nane vikitoka sahanini, umepona. Barua inapigwa muhuri, na aliyepona haruhusiwi kurudi, kwa sababu atakuja kutafuta nini? Vikitoka pungufu, hujapona, unapewa panya mpya na kuanza upya. Panya naye alikuwa na sheria yake. Panya aliyepona hupasuliwa kichwa, ili ionekane amepona wapi.

Usiku na mchana vilikuwa vimeanza kumchanganya Makungu, na si vyenyewe tu. Alikaa mbele ya kizimba, maneno yakamtoka vipande vipande, hata hakujua kama anasema au anafikiri.

Mama yangu alizaa kumi na wanne kwa mkupuo. Hapana. Huyo ni mama yake. Mama yangu alizaa watatu, mmoja tukamzika. Kuna maranda chini yangu. Hayo ni yake. Shuka ni yangu. Nilibanwa kichwa, taa ikawaka. Hapana, mimi nilikuwa najua jua lilikuwa kali na dereva ananiambia kaza mikono, mzee. Nikakaza. Huo ndio mwisho wa kukaza. Nani anakula sukari? Yeye. Nani anaona utamu? Sijui. Nimeonja kimoja. Hakuna.

Jumapili ikafika. Nje ya dirisha siku hiyo palikuwa na uwanja mtupu, na watu wawili wakipima upana wake kwa kamba. Sikudhani alikuja asubuhi, kavaa kitenge kipya, mtoto kifuani, wembe kaufunga kwenye leso, na chupa ya chai kaijaza maji ya moto ya kunyolea. Waliruhusiwa kukaa benchi la ukutani, mradi wasiseme neno.

Akaanza panya. Makungu alimfunga plasta, akamweka mbele ya sahani. Ishirini na Saba alifanya kazi bila papara: bega, mkono, mgongo, bega, mkono, mgongo. Kengele haijalia, sahani imekwisha. Ikapita chini ya ubao.

"Ishirini," akasema Bi Nyamizi.

Daktari Lutengano alitabasamu kidogo, akamchukua panya kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, akaingia naye chumba cha pili. Mlango ukafungwa. Makungu alibaki na kipande cha plasta kimenata kwenye kiganja, akakibandua kwa meno. Hakuhuzunika. Alijua kwamba hapo ndipo mtu huhuzunika, akakaa hapo kwa adabu, kama unavyokaa msibani kwa watu usiowajua. Sikudhani alimnyonyesha mtoto. Muda ukapita, wa watu au wa panya, hakuna aliyeuhesabu.

Daktari alipotoka alikuwa ananawa mikono.

"Mmeona amepona wapi?" Makungu aliuliza.

"Nini?"

"Ishirini na Saba. Mmepasua. Amepona sehemu gani?"

Daktari alifuta kidole kimoja kimoja. Hakuwa mwongo, hilo lazima nikubali. "Shimo liko vilevile," alisema. "Pigo liko palepale, upana uleule. Hakuna kilichoota."

"Basi amepona wapi?"

"Sahani ilikuwa tupu, Bwana Makungu. Nyumba hii haina jibu jingine. Haya, kaa. Wewe sasa."

Akakaa. Akajifunga wa kushoto. Maharage ishirini yakawekwa mbele yake, mekundu, makavu, na kengele ikategwa. Ng'ambo ya ubao Bi Nyamizi alikohoa. Makungu akaegemeza bega.

Yalikuja bila taabu. Moja, mbili, tano. Kila harage lililoanguka bakulini lilimsogeza getini hatua moja. Aliweza kuona geti, aliweza kuona barua na muhuri, kiti kidogo, mtoto mapajani mwa mamaye, na wembe. Nane. Alijiona akiukamata wembe. Akasimama hapo kwenye picha hiyo, akaiangalia vizuri, maana kinyozi hana mchezo na picha kama hiyo. Angeukamata kwa nini? Kwa bega? Kumi na moja. Wembe huongozwa na ncha za vidole, na vidole ndivyo vinavyosikia mahali ngozi inapoinuka na mahali inapobonyea. Kichwa cha mtoto wa siku arobaini hakijafunga. Utosini pako wazi, panapwita, ukiweka kidole unasikia maisha yanagonga kwa ndani. Yeye angeweka kidole asisikie chochote. Kumi na nne. Angerusha mkono mzima juu ya kichwa hicho, auache ulale na chuma chake, kisha ajivute nyuma na mwili wote.

Kumi na sita. Kumi na saba.

Sahanini yalibaki matatu, na kengele bado. Sikudhani alikuwa akihesabu kwa midomo. Kwenye kumi na saba aliinuka nusu kutoka kwenye benchi, mkono mmoja ukiwa tayari kwenye fundo la leso. Makungu alimwona. Akashusha bega. Akaunyoosha mgongo. Akauweka mkono wa kulia juu ya harage la kumi na nane, akauambia, kwa sauti kabisa, neno aliloliacha siku nyingi.

"Shika."

Haukushika. Akangoja. Hakusukuma, hakuvuta. Alikaa tu na mkono wake kwa mara ya kwanza tangu Ishirini na Saba amfundishe ujanja, na mkono ulikuwa vilevile alivyoukuta siku ya kwanza pembeni mwa mwili wake, hata mwembamba zaidi. Kengele ikalia.

Bi Nyamizi alitia mkono chini ya ubao, akaivuta sahani kama alivyovuta maelfu ya sahani. Pamoja na sahani ukaja mkono.

Mama wa watu alishtuka, nusura miwani imdondoke. "He! Nini hiki?"

"Ondoa mkono, Bwana Makungu," alisema Daktari.

"Haujui kuondoka."

"Uinue."

"Kwa bega nitauinua, daktari. Niuinue kwa bega?"

Bi Nyamizi aliutazama ule mkono uliolala sahanini kati ya maharage matatu, vidole vimejikunja nusu, havikamati wala haviachii. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa Nyumbani. Akasimama, akashika ubao kwa mikono miwili, akachungulia upande wa pili.

"Mwanangu," alisema, "na haya kumi na saba umeyatoaje?"

Makungu akamwonyesha. Bega, mkono, mgongo. Harage moja likaja. Lilikuwa la kumi na nane, lakini kengele ilikuwa imeshalia.

"Wote mnafanya hivyo?"

"Mimi nilifundishwa na panya. Wengine sijui."

Bi Nyamizi alivua miwani. Mdomo wake ulikuwa unatafuta namba, ukakosa. "Nilimhesabia mdogo wangu hapa," alisema. "Ishirini. Nilitamka mwenyewe, ishirini, nikafurahi, sikujua ni yeye mpaka alipopewa barua. Wiki ya pili kajimwagia uji wa moto mapajani. Tukamgombeza. Tukamwambia una uzembe, mbona umepona?" Akaanza kulia, kilio kidogo, kikavu, cha mtu asiyezoea. "Tukamgombeza, jamani."

"Kumi na saba," alisema Daktari Lutengano taratibu, akaandika. "Hajapona. Ataanza upya kesho. Bi Nyamizi, tafadhali, rudi kwenye kiti."

Hakurudi.

Sikudhani ndiye aliyekuwa amesahau amri ya kunyamaza. Alifika mezani mtoto kifuani, macho mekundu. "Ulibakiza moja! Baba Mwamini, moja tu! Nimekuona, umeshusha bega makusudi. Miaka tisa, Makungu! Leo ndiyo arobaini, leo, na wewe unakaa kushindana na harage?"

"Mama Mwamini."

"Usiniite hata jina. Nimeona aibu. Nimewaambia watu nyumbani wapike."

"Shika huu mkono."

"Sitaki."

"Ushike. Uminye."

Aliushika. Aliuminya kwa hasira, kucha zikaingia, na alimtazama usoni akingoja akunje uso. Makungu hakukunja. Akaminya zaidi. Tone la damu likatokea chini ya kucha yake, na mumewe alikuwa bado anamtazama yeye, macho makavu, kwa subira. Hapo ndipo Sikudhani alipouachia mkono na kujiziba mdomo.

"Husikii?"

"Sisikii. Ningekuwa na wembe nisingesikia vilevile. Ningemkata, na ningejua kwa kuona damu."

Sikudhani alikaa chini, kando ya kiti cha kupimiwa. Mwamini aliamka, akanyoosha shingo, akalala tena. Watu wa kule nje walikuwa wamemaliza kupima uwanja na sasa walikuwa wanaupima tena kuanzia upande wa pili.

"Siku haisogezwi," Sikudhani alisema.

"Haisogezwi. Utamnyoa wewe."

"Mimi? Sijawahi kushika wembe, hata kwapa hunyoa dada yangu."

"Mimi nitasema, wewe utashika."

"Na mkono wa baba?"

Makungu alifikiri. "Nisaidie kuuweka chini," alisema. "Kichwa kilale juu yake. Kwa kulala tu, unaweza."

Basi ndivyo walivyofanya, palepale kwenye meza ya kupimia. Bi Nyamizi aliuinua ubao, akauegemeza ukutani uso ukiangalia ukuta, akamwaga maharage sakafuni. Maji ya uvuguvugu yalitoka kwenye chupa ya chai, sabuni ikatoka bafuni. Daktari Lutengano alisimama mlangoni na daftari lake. Hakuwakataza. Hakuwa na safu ya kuliandika hilo, na mtu kama yeye, kitu kisipokuwa na safu, humpita mbele ya macho.

Sikudhani aliunyoosha mkono wa mumewe mezani, kiganja juu, akavifungua vidole kimoja kimoja, akamlaza mtoto. Kisogo cha Mwamini kilienea kiganjani.

"Lowesha kwanza. Usiwe na haraka, nywele zilainike. Sasa anzia kisogoni, hapo juu ya shingo. Vuta ngozi kwa gumba la kushoto. Wembe ulaze, usiusimamishe."

"Mkono unanitetemeka."

"Acha utetemeke kwanza uishe. Tunangoja."

Walingoja wote, hata Bi Nyamizi, aliyekuwa ameinama mpaka pua yake inakaribia kumgusa mtoto, akiangalia vidole vya Sikudhani kama mtu anayeona vidole kwa mara ya kwanza. Mtetemeko ukaisha. Wembe ukapita. Kishungi chembamba cheusi kikaanguka kwenye kiganja cha Makungu.

"Ndivyo. Tena. Zunguka sikio, lipinde kwa nje. Ndivyo. Sasa juu. Ukifika utosini useme."

"Nimefika."

"Panapwita?"

"Panapwita. Mungu wangu, panapwita sana."

"Hapo usikandamize kabisa. Uzito wa wembe wenyewe unatosha. Ushushe kama unaupumzisha."

Sikudhani aliushusha. Machozi yalimtiririka, akayafuta begani bila kuinua mkono. Makungu alimtazama mwanawe. Alijua kwamba hapo ndipo mahali penyewe, kwamba miaka tisa ilikuwa inaelekea hapa, akajitafuta ndani kila kona, na kila kona palikuwa kimya. Alikiona kiganja chake kimebonyea kidogo kwenye ubao wa meza, nywele zimejaa katikati ya vidole, shavu la mtoto limegusa kovu la gumba. Aliviona vyote. Hakuna hata kimoja kilichomfikia.

"Mama Mwamini."

"Abee."

"Ana joto?"

Sikudhani aliacha wembe hewani. Alimtazama mumewe, kisha akaweka shavu lake juu ya kichwa kilichonyolewa nusu, akalituliza hapo.

"Ana joto," alisema. "Ana joto sana."

"Basi endelea," alisema Makungu. "Umebakiza upande wa kulia."